Bata wa Mbariki: Maisha ya Trizah Nakhumicha, Aliyewawinda Kisha Akawahesabu

Wachungaji wetu, wazee, wakwe zetu, majirani wa hapa Ngoingwa, marafiki mliotoka Kiganjo, Ruiru na Mwihoko, na ninyi mlioondoka Kimilili jana asubuhi ili mfike mapema, tunawakaribisha nyumbani kwa marehemu. Historia hii imeandikwa na mume wake, Gachau Muigai, pamoja na watoto wao wawili, na anayeisoma ni mdogo wa mwisho wa marehemu, Philip Kasembeli, kwa kuwa marehemu mwenyewe alitaka isomwe naye, na wale mnaojua yaliyopita kati ya hao ndugu wawili mtaelewa kwa nini familia ilishangaa, na kwa nini Philip aliomba mara mbili apewe mtu mwingine kazi hii, akakataliwa.

Marehemu Trizah Nakhumicha Kasembeli alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 18 Machi 1964, karibu na Kimilili katika Wilaya ya Bungoma ya wakati huo, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu Mzee Kasembeli na marehemu Mama Nanjala, na kwa vile mvua ilikuwa imeanza na watu wote walikuwa shambani wakipanda mahindi, aliitwa Nakhumicha, jina la msichana wa majira ya kupanda. Mwaka 1969 baba yake alipata kazi ya kupogoa mibuni katika shamba la kahawa la Mbariki, kati ya Ruiru na Thika, akaihamisha familia yote katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa juu ya bwawa la shamba, na Nakhumicha, ambaye hakuwa ameona maji mengi kiasi hicho yakiwa yamesimama mahali pamoja, alitoroka siku ya kwanza kabla vyombo havijashushwa kwenye lori, akapatikana ndani ya matete, maji yakiwa kiunoni, akiwafuata kibisi wawili, ndege wadogo wa maji, waliokuwa wakizama na kuibukia mbali naye. Mama yake alimchapa, na kesho yake akarudi.

Alianza masomo katika shule ya msingi ya shamba mwaka 1971, akafanya mtihani wa CPE mwaka 1977 na kufaulu, na katika miaka hiyo ndipo alipoingia katika uwindaji. Siku hizo wawindaji wa ndege walikuwa wakija Mbariki kutoka Nairobi kila Jumamosi ya msimu, wakiwa na leseni zao na bunduki za marisau, na Mzee Kasembeli alikuwa mmoja wa wanaume waliopangwa kuzunguka matete na kuwashtua bata wainuke. Tarehe 16 Novemba 1974 mbwa wa mwindaji mmoja alinasa katika mizizi ya mafunjo akawa analia, na wakati watu wazima wanabishana ni nani aingie, Nakhumicha, mwenye umri wa miaka kumi, alikwisha kuingia, akamkwamua yule mbwa na kumsukuma mbele yake, akarudi ufukoni na bata wawili waliokuwa wamepigwa, mmoja katika kila mkono. Tangu siku hiyo hakuna aliyemngoja mbwa tena. Ndege akianguka, walisema tu, "Muite binti ya Kasembeli," naye alikuwa amekwisha kuvua viatu.

Aliingia kidato cha kwanza mwaka 1978 katika shule moja ya kutwa hapa Thika, na walimu wake waliandika kwamba ana akili nyepesi ila hatulii darasani, macho yako dirishani. Mwezi Agosti 1979, yeye akiwa kidato cha pili, mama yao alifariki kwa homa ya malaria, na Nakhumicha akaacha shule ili awalee wadogo zake, hasa Philip, aliyekuwa na umri wa miaka minane na ambaye kwa miezi kadhaa alikataa kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye aliyempeleka shule, yeye ndiye aliyemfundisha kuogelea, na alipofikisha miaka kumi akamfundisha kutega bata kwa tanzi, namna ya kulikunja tete bila kulivunja, namna ya kufunga fundo la mizunguko mitatu linalokaza bata akivuta na kulegea ukilisukuma kwa kidole gumba, fundo ambalo alilibuni mwenyewe na ambalo hakulifundisha mtu mwingine. Nyama ya bata ililisha nyumba ile kwa miaka mingi, na familia haioni haya kulisema hapa.

Kuanzia mwaka 1980 alichuma kahawa siku za kazi, na kuanzia mwaka 1982 aliajiriwa na shamba kuwa mwongoza wawindaji, mwanamke wa pekee katika kazi hiyo, akiwaonyesha mahali pa kujificha, akiwaita bata kwa mdomo mpaka wakageuza njia angani, na akiwaambia waziwazi wawindaji waliopiga ovyo kwamba wanaharibu ndege. Waliomjua wakati huo wanamkumbuka akitembea, hawamkumbuki akiwa amekaa. Alikula akiwa amesimama mlangoni, alifua nguo akitazama juu, na kama upepo ungegeuka saa kumi na moja alfajiri angeamka na kwenda kuona maji yamekuwaje, kana kwamba yangeweza kuondoka bila yeye.

Siku ya Jumamosi, tarehe 22 Novemba 1986, alitoa majini bata mdogo wa kijivu mwenye mstari mweupe juu ya jicho, mmoja wa bata wageni ambao hufika huku mwezi wa kumi na kuondoka mwezi wa tatu, na mguuni mwa bata huyo kulikuwa na pete ya bati yenye namba na neno MOSKWA, yaani Moscow. Mwindaji aliyempiga alitaka pete iwe ya kuning'iniza kwenye funguo, lakini Nakhumicha alikuwa ameifumbata na hakuifumbua ngumi, akasema imepotea majini. Aliandika barua kwa jumba la makumbusho Nairobi, akiinakili namba ile kwa uangalifu, na baada ya miezi saba akajibiwa kwamba ndege huyo alivishwa pete akiwa kinda, miaka miwili kabla, kando ya ziwa moja katika nyika za nyasi za kaskazini mwa Kazakhstan, ndani ya Muungano wa Kisovieti wa wakati huo, mahali ambapo hata mwalimu mkuu wa shule ya shamba alipatafuta kwa muda kwenye ramani.

Aliyempelekea barua hiyo alikuwa fundi wa pampu za shamba, kijana mpole kutoka Kiganjo aitwaye Gachau Muigai, ambaye alikuwa akipita ofisini kila Ijumaa na kujitolea kubeba barua za watu wote ili tu apate sababu ya kupeleka moja. Gachau anasema aliisoma barua kwa sauti wakiwa wamesimama kwenye ukuta wa bwawa, na Nakhumicha akaonyesha kwa mkono upande wa Mlima Kenya, akauliza, "Huko ndiko kaskazini?"

"Huko, lakini mbali sana. Kupita Ethiopia, kupita Arabuni, kupita kila mahali."

"Na amekuja na hizi mbawa zake ndogo," Nakhumicha akasema, "akatua hapa, akatukuta sisi tumemngoja."

Hakuacha uwindaji siku hiyo, wala mwaka huo, na marehemu hakupenda watu waliosimulia kana kwamba aliokoka ghafla kando ya bwawa. Alikuwa na nyumba ya kulisha. Lakini alianza kuhesabu, kila katikati ya Januari, kwa kalamu ya risasi katika daftari la shule la Philip, na daftari hilo la kwanza, lenye hesabu za Januari 1988, linasema kulikuwa na bata wageni mia nne na kumi na mbili katika bwawa la Mbariki, pamoja na bata bukini tisa na yangeyange ambao alichoka kuwahesabu.

Alifunga ndoa na Gachau Muigai siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987, kanisani Kiganjo, na mama mkwe wake, marehemu Cucu Magdalene Waruguru, ambaye mwanzoni aliuliza mbele ya wazee kama msichana huyu atawahi kukauka, baadaye alimpenda kuliko wanawe na kumtetea kwa kila mtu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Magdalene Waruguru aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1988, na Marvin Muigai aliyezaliwa Jumapili, tarehe 19 Januari 1992, siku ambayo mama yake alimaliza upande wa mashariki wa bwawa huku uchungu umemshika, akamkabidhi Gachau daftari na kumwambia, "Upande wa matete bado, usikadirie," kisha akaanza kutembea kwenda zahanati ya shamba, na Gachau, ambaye hakujua amfuate mkewe au aende kwenye matete, alimfuata mkewe, na kwa miaka thelathini na mitatu amekuwa akikumbushwa kwamba hesabu ya mwaka huo ina pengo.

Haikuwa rahisi kuishi naye, na watoto wake wameomba hilo lisemwe. Waruguru anakumbuka siku ya kutoa zawadi shuleni ambapo mama yake aliingia mwishoni akiwa na matope mpaka magotini, na Marvin anakumbuka akimuuliza baba yake kama mama hapendi nyumba. Gachau alimjibu, "Mama yako anapenda nyumba, ni vile tu hawezi kuketi ndani yake." Ndiyo maana Gachau alipojenga hapa Ngoingwa alimwekea veranda pande zote nne, apate kuzunguka.

Siku ya Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1996, lilikuja kundi kubwa la wawindaji ambao hakuwajua, wakapiga kwa saa tatu bila kupumzika, na walipochoka bado walikuwa hawajachukua hata nusu ya ndege waliowaangusha, wengine wakiwa hai bado na kuzunguka juu ya maji kwa bawa moja. Waliposema wameridhika na wanataka kurudi mjini, Nakhumicha aliwauliza, "Na hawa?"

"Wachukueni ninyi," mmoja akasema. "Au waache, mama. Wako wengi."

Aliingia majini peke yake mpaka saa tisa alasiri, akawatoa wote, waliokufa na wasiokufa, na aliporudi alipanga ndege mia moja na sabini na nne kwa safu mbele ya ofisi ya meneja, akaweka mkoba wake wa kazi mwisho wa safu, akasema, "Mimi siingii tena." Jioni hiyo alichoma matanzi yote jikoni. Philip, aliyekuwa na miaka ishirini na mitano na aliyekuwa akitegemea mitego kwa riziki yake, alisimama mlangoni akamtazama, na hapo ndipo njia zao zilipoanza kuachana, ingawa hakuna aliyeliona siku hiyo.

Familia ilihamia Kiganjo, na kuanzia mwaka 1997 hadi alipostaafu mwaka 2019 marehemu alifanya kazi katika kiwanda cha matunda hapa Thika, katika kitengo cha kuchagua, ambako wenzake walimwita Madam Darubini kwa sababu aliingia kazini na darubini shingoni. Kila Januari na kila Julai alikwenda Mbariki pamoja na wataalamu na wanafunzi wa kujitolea waliokuja kuhesabu ndege wa maji, mwanzoni wakimchukulia kama mtu wa kuwaonyesha njia, na baada ya mwaka wa pili wakimngoja yeye aseme namba kabla hawajaandika yao. Uwindaji wa ndege uliposimamishwa, bata waliongezeka, na kwa miaka michache alikuwa na furaha, ingawa furaha yake nayo ilikuwa ya kuzungukazunguka.

Familia sasa inafika mahali pagumu, na Philip anaomba uvumilivu.

Siku ya Jumanne, tarehe 10 Machi 2009, mlinzi wa shamba alimpigia marehemu simu kwamba ndege wamelala kando ya maji na hawaamki. Alifika Mbariki kabla ya saa tatu asubuhi, akakuta bata sitini na watatu, korongo wawili na yangeyange kadhaa, wote wamekufa midomo wazi, na kando yao mchele uliotiwa dawa ya kuua wadudu, ya kunyunyizia mimea, ukiwa umewekwa vizuri juu ya majani makavu. Ndani ya matete kulikuwa na kibanda cha kujifichia, kimefungwa kwa mafundo, naye alilisukuma fundo moja kwa kidole gumba likalegea. Alikaa chini. Gachau, ambaye alikuwa naye, anasema ndiyo mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja ya ndoa kumwona akikaa chini mwenyewe bila kuambiwa.

Kisha akainuka na kwenda moja kwa moja Mwihoko, mahali Philip alipokuwa amepanga chumba na kuuza nyama ya bata na kuku kwenye kibanda karibu na steji ya matatu. Alimkuta ameuza karibu yote.

"Umeweka dawa kule majini, Philip?"

"Kila mtu anaweka. Matanzi ulichoma wewe."

"Watu wanakula hiyo nyama."

"Nimetoa matumbo yote. Ikishaoshwa haina shida."

"Nani amenunua? Niambie majina."

Hakumwambia, kwa hiyo aliingia kila ploti ya mtaa ule, mlango baada ya mlango, kutoka saa tano mpaka jua lilipozama, akiwaambia watu wamwage walichonunua, wengine wakimcheka, wengine wakimfukuza wakidhani ni mshindani wa biashara, na mama mmoja, Syokau, aliyekuwa amekwisha kula na kuanza kutapika na kutetemeka, alibebwa na marehemu mwenyewe hadi barabarani na kupelekwa hospitali, akapona, na yuko hapa nasi leo. Alipohakikisha hakuna nyumba iliyobaki, marehemu alirudi kwenye kibanda, akamshika mdogo wake mkono kama alivyomshika akimpeleka darasa la kwanza, akatembea naye mpaka kituo cha polisi. Philip alikuwa na nguvu za kujitoa mkononi mwake. Hakujitoa, na mpaka leo hajui sababu.

Alifungwa miezi kumi na minane. Ukoo uligawanyika, wazee wa Kimilili wakaitisha kikao na kumlaumu marehemu kwamba amemtoa mtoto aliyemlea, naye aliwasikiliza akiwa amesimama, akajibu, "Nilimlea. Ndiyo maana nilijua fundo ni lake." Alikwenda gerezani kila mwezi, mara kumi na nane, na mara zote kumi na nane Philip alikataa kutoka kumwona. Alipotoka, alikaa Ruiru akifanya kazi ya kupakia mchanga, na kwa miaka kumi tangu siku ile ya kituoni hawakusemezana, wala harusini kwa Waruguru mwaka 2014, ambako walikaa meza mbili zinazofuatana, migongo ikikaribia kugusana.

Mwaka 2017 shamba la Mbariki liliuzwa, mibuni ikang'olewa, na mabango ya ploti yakasimamishwa mpaka ukingo wa bwawa. Marehemu alipeleka madaftari yake yote katika kikao cha wananchi kilichoitishwa Ruiru, akasoma hesabu za miaka thelathini mbele ya wakubwa, na alipoambiwa kwamba hao ndege wanaweza kutafuta maji mahali pengine, aliuliza, "Mahali gani? Nitajieni, nikawaambie." Watu walicheka, na uamuzi haukubadilika. Barua alizoandika baada ya hapo zilijibiwa mbili tu, zote zikimshukuru kwa moyo wake.

Siku ya Alhamisi, tarehe 21 Februari 2019, ukuta wa bwawa ulikatwa. Kufikia saa nne asubuhi maji yalikuwa yamepungua mpaka magotini, na vifaranga wa kibisi, wa kukuziwa na wa bata, ambao viota vyao vilikuwa vikielea juu ya maji, walikuwa wamekwama katika tope jeusi lisilokanyagika, huku tai na mbwa wakikusanyika. Nakhumicha, akiwa na miaka hamsini na minne, alivua viatu na kuingia. Alizama mpaka mapajani, akawa anatambaa juu ya kipande cha bati, akiokota kinda mmoja mmoja na kumtia kwenye kreti ya soda, na madereva wa tingatinga wakazima injini na kumtazama, ila hakuna aliyeingia.

Philip alisikia habari hizo kwenye lori la mchanga, akateremka, akaja mbio. Alimkuta dada yake katikati ya tope, kreti imejaa, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, akipumua kwa shida. Alilala kifudifudi juu ya bati la pili akamfikia. Nakhumicha aligeuza kichwa, akamwangalia huyo mtu ambaye hakuwa amemsikia sauti kwa miaka kumi, na alichosema ni, "Shika hapa. Polepole, wa chini wanabanwa."

Walifanya kazi mpaka saa kumi. Walitoa vifaranga themanini na saba, na hapo pakawa na swali la kuwapeleka wapi, na Philip, aliyekuwa akipakia mchanga karibu na mabwawa ya maji taka, akasema huko kuna maji, na matete, na hakuna anayependa kukaribia. Walifika na kreti zao, wamepakwa tope mpaka nyusi, na mlinzi wa lango, Bwana Kyengo, akawazuia. "Mama, hapa ni maji ya choo," akasema.

"Wao watakunywa, si wewe," Nakhumicha akamjibu. "Fungua."

Alifungua, na tangu siku hiyo amekuwa rafiki wa familia. Kati ya hao themanini na saba walipona thelathini na wanne, namba ambayo marehemu hakuipenda na hakuruhusu mtu yeyote aizungushe iwe hamsini. Kuhusu yale ya mwaka 2009, ndugu hao hawakuwahi kuyazungumza. Philip alingoja aulizwe, na hakuulizwa, alingoja asamehewe kwa maneno, na hakuambiwa neno, ila Januari iliyofuata saa kumi na mbili asubuhi dada yake alisimama nje ya mlango wake huko Ruiru akiwa na darubini mbili, akampa moja, akaanza kutembea. Bata wageni walikuwa wameyagundua mabwawa yale kabla yao. Walihesabu mia mbili na sita, katikati ya harufu ambayo iliwafukuza wanafunzi wawili wa chuo kikuu wasirudi tena.

Mwezi Mei 2023 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi, na madaktari wa hospitali kuu ya hapa Thika wakagundua kwamba moyo wake umepanuka na umechoka. Aliambiwa apumzike, na hakuna dawa iliyomshinda kama hiyo. Alihama kitanda, akahamia kiti, akahamia veranda, akaizunguka veranda akishika ukuta, akalalamika kwamba ukuta ni mfupi. Mjukuu wake Jackie alipomuuliza, "Cucu, unatafuta nini?" alisema hajui, lakini akikipata atamwambia. Tarehe 18 Januari mwaka huu wa 2025 Philip na Marvin walimbeba kwa kiti cha plastiki kuzunguka mabwawa yote, akahesabu mara tatu, kwa kuwa hakuyaamini macho yake, na mara zote tatu namba zilitofautiana, jambo lililomtia hasira mpaka Pasaka.

Alilazwa kwa mara ya mwisho tarehe 2 Oktoba. Siku ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba, asubuhi, Philip alikuwa kando ya kitanda chake, naye marehemu alikuwa amegeuziwa upande wa dirisha, na akauliza, "Wameingia?"

Ulikuwa wakati wao wa kufika, na Philip, akitaka kumtuliza, akasema, "Wameingia, dada."

"Wangapi?"

Philip hakuwa amekwenda. Angeweza kusema namba yoyote. Alisema, "Sijahesabu."

Nakhumicha alifungua jicho moja akamtazama kwa ukali ule ambao wengi wenu mnaujua. "Basi nenda ukahesabu," akasema, na akaondoa mkono wake mkononi mwa Philip, ili asiwe na kisingizio.

Philip aliondoka. Alifika mabwawani saa nne na nusu, Bwana Kyengo akamfungulia, akazunguka ukingo wote, na katika bwawa la tatu, chini ya matete ya upande wa kaskazini, akawakuta, wembamba kwa safari, vichwa vimeingizwa chini ya mbawa, bata wadogo wa kijivu. Aliwahesabu mara moja, akarudia, akarudia tena kama alivyofundishwa, na alipokuwa anaandika simu ililia, alikuwa ni Waruguru, akisema mama amelala saa tano kasoro dakika kumi na hakuamka. Marehemu aliishi miaka sitini na mmoja, miezi sita na siku ishirini na sita.

Walikuwa kumi na mmoja, dada. Hakuna aliyekadiria.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomvumilia mgonjwa asiyekubali kulala, majirani wa Ngoingwa walioleta viti, maji, kuni na uji tangu siku ya kwanza bila kuitwa, wenzake wa kiwandani, kundi la kuhesabu ndege kutoka Nairobi, Mama Syokau kwa kukubali kusimama nasi, Bwana Kyengo kwa lango, na kanisa kwa maombi ya kila jioni. Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake wawili waliobaki, na madaftari thelathini na manane, na la mwisho halijajaa.

Trizah Nakhumicha, sasa hakuna anayekuamuru ulale, na hakuna anayekuzuia kuinuka, basi pumzika kwa namna yako, na amani ya Mungu ikufuate kila utakakotembea.